Magofu ya Athens, Roma na Granada mwezi Julai: maswali na majibu kuhusu kiharusi cha joto

Sisi tumezaliwa Pwani. Jua la Ulaya litatufanya nini?

Litawalaza hospitali. Julai kwetu ni kipupwe. Dar es Salaam mchana huwa nyuzi 29 hivi, na Nairobi ni baridi zaidi. Mwezi huohuo Seville na Cordoba, miji ya Hispania kama Granada, hupita 40 mara nyingi, na tarehe 11 Agosti 2021 karibu na Siracusa, Sicily, zilipimwa nyuzi 48.8, rekodi ya bara la Ulaya. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache ukihama. Aliyekaa Manchester au Oslo miaka 10 hana tena mwili wa Tanga, hata akijivunia namna gani.

Hewa nayo ni tofauti. Pwani jasho hukulowesha shati, ukajua unapoteza maji. Granada hewa ni kavu, jasho linakauka palepale linapotoka, na mtu huapa kwamba hajatoka jasho kumbe ameshapungukiwa maji vibaya.

Kiharusi cha joto ni nini hasa?

Ni joto la ndani ya mwili kupita nyuzi 40 hivi, na ubongo kuanza kushindwa kazi. Kabla yake kuna uchovu wa joto: jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, misuli kukaza. Mwenye uchovu wa joto akili yake iko sawa. Mpelekeni kivulini, mpoozeni, mpeni maji, na ndani ya nusu saa awe amepata nafuu. Asipopata, au akili ikianza kuyumba, hesabuni ni kiharusi cha joto.

Mama amepanda Acropolis, kile kilima cha magofu mjini Athens, sasa anaongea maneno yasiyoeleweka. Tumrudishe hotelini akapumzike?

Hapana. Mtu aliyechanganyikiwa juani hajachoka, anaumwa, na kila dakika joto lile linaunguza ubongo, figo na ini. Pigeni 112 sasa hivi. Namba hiyo ni ya bure katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Tajeni jina la eneo na lango mlilo karibu nalo, na mwambieni mlinzi wa hapo.

Anasema yeye ni mzima, anataka kulala tu.

Hapana. Mgonjwa wa kiharusi cha joto ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Muulizeni leo ni siku gani, yuko mji gani, mjukuu aliyesimama mbele yake anaitwa nani. Akikosea, akikasirika bila sababu, akipepesuka au akisinzia, ni 112. Wapo wanaofikishwa hospitali wakiwa wamezimia kwa sababu ndugu waliwafunika shuka na kufunga mlango ili “wapumzike vizuri”.

Bado anatoka jasho. Si wanasema kiharusi cha joto humkausha mtu?

Hapana, msisubiri jasho likauke. Aliyekuwa akitembea na kupanda ngazi anaweza kuwa na kiharusi huku jasho linamtiririka. Angalieni akili, si jasho.

Tukisubiri gari la wagonjwa, tufanye nini?

Mpoozeni. Kuupoza mwili ndiyo tiba yenyewe, na lengo ni kushusha joto ndani ya nusu saa ya kwanza. Msimtie kwenye teksi mkahangaike na foleni za Roma huku anaendelea kuungua.

Mlazeni kivulini, mvueni nguo za juu, viatu na soksi. Hapa familia nyingi huona haya, mama avuliwe mbele ya watu! Wawili washike kanga kama pazia, wa tatu amwagie maji mwili mzima, wa nne apepee kwa nguvu. Maji bila upepo hayatoshi, na upepo bila maji kwenye nyuzi 38 ni kumpulizia joto. Mkitumia kanga iliyoloweshwa, ilowesheni tena mara tu inapopata uvuguvugu, maana kanga ya moto juu ya mwili ni blanketi. Barafu ya duka la karibu iwekeni shingoni, kwapani na kinenani. Asiyejitambua alazwe ubavu, na asinyweshwe kitu chochote, hata tone.

Tumpe panadol kushusha joto?

Hapana. Hii si homa ya malaria. Panadol haishushi joto la kiharusi, na ini lililoumizwa na joto huongezewa mzigo.

Tutembelee saa ngapi?

Mapema kabisa. Acropolis hufunguliwa saa 2 asubuhi, Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, saa 2:30. Muwe mmetoka kabla ya saa 5. Mawimbi ya joto ya Julai 2023 na Juni 2024 yaliwalazimisha Wagiriki wenyewe kuifunga Acropolis mchana. Marmar ile inarudisha jua usoni, na vivuli ni vichache. Pompeii, magofu ya mji wa kale huko Italia, ni hivyohivyo.

Msiamini saa ya nyumbani inayowaambia kwamba saa 10 jua limeshapoa. Seville mwezi Julai jua hufika juu kabisa karibu saa 8:30 mchana, joto hufikia kilele saa 11 jioni hivi, na jua huzama baada ya saa 3:30 usiku.

Halafu kuna tiketi. Kasri za Nasrid ndani ya Alhambra, ngome ya Granada, huingiwa kwa muda ulioandikwa kwenye tiketi, na familia hukokota mgonjwa ili fedha isipotee. Kateni tiketi za asubuhi. Mmoja akiumwa, acheni tiketi ipotee.

Maji kiasi gani?

Mtu mzima anayetembea juani: kikombe cha mililita 250 kila dakika 20, bila kusubiri kiu, ila asizidishe lita 1.4 kwa saa. Mtoto wa miaka 9 hadi 12: mililita 100 hadi 250 kwa muda huohuo. Mkitoka jasho saa nyingi, kuleni chakula chenye chumvi au tumieni ORS. Bia na mvinyo viacheni mpaka usiku. Roma ina mabomba ya mitaani yaitwayo nasoni, zaidi ya 2,000, maji safi na ya bure, kwa hiyo beba chupa.

Watoto wachanga?

Msifunike kigari kwa kanga. Hewa ya ndani inageuka tanuri, nanyi hamwoni uso wa mtoto. Mbeleko mgongoni nayo huunganisha joto la miili miwili, basi mfungueni kila baada ya muda mfupi. Na ndani ya gari lililoegeshwa joto huweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Asibaki mtoto humo, hata mkienda kununua maji tu.

Baba anatumia dawa za presha, na kijana wetu ana selimundu.

Muoneni daktari wiki mbili kabla ya safari. Dawa zinazokojoesha humaliza maji mwilini haraka, lakini msiziache wala kuzipunguza wenyewe. Insulini mnayotumia isizidi nyuzi 30. Mwenye selimundu akipungukiwa maji anaweza kupata shambulio la maumivu, kwa hiyo yeye hakai juani mchana.

Hospitali ya Ulaya si itatufilisi?

Viza ya Schengen haitolewi bila bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Kama mna viza hiyo, mmeshailipia. Tembeeni na karatasi yake, na msiache kupiga 112 kwa kuogopa bili.

Ameruhusiwa kutoka hospitali. Tuendelee na ratiba?

Yeye, hapana. Akae mahali pa baridi, asirudi juani mpaka daktari aseme. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au asipokojoa kwa saa 8, au akianza tena kuchanganyikiwa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.