Spika kubwa hazikupi miksi nzuri chumbani

Maprodyuza wengi wanaoanzia nyumbani huamini kuwa spika za studio zikiwa za inchi 8, zenye besi ya kutikisa dirisha, ndipo miksi (mchanganyiko wa sauti zote za wimbo) itakaa sawa. Si kweli. Wimbi la besi la hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde) lina urefu wa takriban mita 6. Katika chumba cha mita 3 kwa 3 hugonga kuta na kurudi: ukikaa karibu na ukuta besi inavuma, ukikaa katikati inapotea. Spika kubwa huzidisha fujo hiyo, nawe unapunguza besi ambayo haikuzidi. Wimbo ukichezwa kwenye gari, mkavu.

Inchi 5 zinatosha. Zipange zifanye pembetatu ya pande sawa na kichwa chako, twita (vipaza vidogo vya sauti za juu) zikiwa usawa wa masikio. (Trei za mayai zinazobandikwa ukutani kutuliza sauti? Hazigusi besi, achana nazo.) Yamaha NS-10, zilizotoka mwaka 1978 kama spika za sebuleni, zina besi haba na sauti kali, lakini studio kubwa zilizitumia kwa miongo kwa kuwa zilianika kasoro. Besi ya chini kabisa ikague kwa hedifoni.