Reli za Makaa ya Mawe: Mambo Hayakuanza 1825

Septemba 2025 Uingereza iliadhimisha miaka 200 ya reli ya Stockton na Darlington, na wengi wakabaki na jina moja tu kichwani: George Stephenson, mhandisi aliyeijenga. Sherehe ilistahili, ila kwenye maeneo ya migodi ya makaa ya mawe habari ni ndefu zaidi.

Dhana: Reli ilizaliwa 1825.
Ukweli: Kufikia 1604 mfanyabiashara wa makaa Huntingdon Beaumont alikuwa na njia ya reli za mbao kutoka Strelley hadi Wollaton, karibu na Nottingham. Huko kaskazini, daraja la mawe la Causey Arch lilijengwa 1725–1726 kwa ajili ya mabehewa ya makaa. Limesimama hadi leo, na unaweza kulivuka kwa miguu.

Dhana: Bila mvuke hapakuwa na reli.
Ukweli: Kwa miaka 200 kazi hiyo ilikuwa ya farasi. Mmoja alivuta behewa lenye tani mbili na ushei hadi mto Tyne, makaa yakapakiwa mashuani, kisha kwenye meli za London. Penye mteremko mkali farasi alifunguliwa akafuata nyuma, huku mwendeshaji akikandamiza mti wa breki. Mwaka 2013, eneo la Walker jijini Newcastle, wanaakiolojia walifukua kipande cha njia ya Willington: reli za mbao, mataruma, na kidimbwi cha kulowesha magurudumu ya mbao yasikauke yakapasuka. Kwangu mimi kidimbwi hicho kinaeleza kazi ile kuliko sanamu yoyote ya mhandisi.

Na mvuke wenyewe haukuletwa na ubunifu peke yake. Mgodi wa Middleton, Leeds, uliugeukia 1812 kwa sababu vita vya Napoleon vilipandisha bei ya chakula cha farasi.

Dhana: Upana wa reli wa milimita 1,435 ulitokana na magari ya vita ya Warumi.
Ukweli: Njia za migodi zilitofautiana upana. Stephenson alichukua ule wa Killingworth, mgodi aliofanyia kazi. Nusu inchi ikaongezwa baadaye. Ndio upana wa SGR ya Mombasa–Nairobi na ya Dar es Salaam–Dodoma.

Dhana: Kumbukumbu hizi ni kazi ya makumbusho makubwa.
Ukweli: Reli ya Middleton inaendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1960. Makumbusho makubwa nayo yana lake: Puffing Billy, garimoshi kongwe kuliko yote yaliyosalia, limehifadhiwa London, mbali na mgodi wa Wylam lililoutumikia.