Kulala na simu kwenye chaji: shida ni joto, sio usiku

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, swali ninaloulizwa sana hapa chuoni kwenye kitengo chetu cha elektroniki, na hata kwenye daladala mtu akishajua kazi yangu, ni kwamba eti simu ikikaa kwenye chaji mpaka asubuhi betri inakufa? Simu ikishajaa inakata yenyewe. Hizi betri za lithiamu zipo sokoni tangu 1991 na zinafanya kazi na saketi inayopima volti muda wote, seli ikifika kama 4.2 au zaidi kidogo kutegemea na simu, umeme hauingii tena, ikishuka asilimia moja mbili inaongezewa kidogo basi. Sio ndoo umeiacha chini ya bomba. Na wanaoogopa Luku, yuniti moja inajaza simu ya betri ya 5,000 mAh kama mara 40 hivi.

Kinachoua betri ni joto, hasa joto likiikuta betri imejaa 100 na inakaa hivyo masaa sita saba. Alafu sisi wa Arusha tuna tabia yetu, mwezi wa sita na wa saba baridi ikikaza mtu anavuta mablanketi mawili na simu ipo humo humo chini ya mto inachaji, na kava nene juu yake. Hilo joto litokee wapi? Kijana mmoja wa geto kaniletea simu kioo kimeachana na bodi pembeni, unapitisha ukucha kabisa, nimeifungua betri imetuna kama andazi. Namuuliza unachajia wapi, ananiambia kitandani, soketi iko mbali kwaiyo kavuta ekstensheni mpaka kwenye godoro. Niliumia sana, maana godoro lile la sponji likishika moto hapo hamna muda wa kuamka. Simu ikivimba hivyo usiichaji tena hata mara moja, usiibonyeze irudi, usiitoboe, ipeleke kwa fundi.

Chajia mezani au chini kwenye simenti, kava toa. Na chaja za bei ya kutupa ziogope, nyingine ndani hazijatenganisha vizuri umeme wa 230 wa ukutani na ule mdogo unaoenda kwenye simu unayoishika. Kama simu yako ina setingi ya kuishia asilimia 80, washa, iPhone kuanzia 15 inayo na Samsung nyingi pia zina kitu kama hicho.

Sasa hizi kelele za simu ikiwa kwenye chaji. Umeme ukikatika na kurudi mara nne usiku simu nayo inalia mara nne, mtoto kaamka, mama kaamka. Ingia setingi, upande wa sauti, tafuta sauti ya kuchaji uizime. Usipoiona weka Usinisumbue ijiwashe yenyewe saa nne usiku izime alfajiri, ila hakikisha alamu umeiruhusu. Ikiwa inalia lia hata umeme haujakatika, mara nyingi tundu limejaa vumbi la mfukoni na waya haukai, zima simu utoe taratibu na kijiti cha meno cha mbao. Ikikuambia inachaji polepole na wewe unalala, iache, polepole haipati moto sana.

Ujumbe ambao nawaomba msiuzime ni wa joto na wa unyevu. Masika mtu katoka shamba la migomba Kibosho, simu ilikuwa mfukoni imelowa, inamwambia kuna unyevu yeye anachomoa anachomeka tena na tena mpaka pini zinaungua. Chomoa waya, geuza tundu liangalie chini, igonge gonge kiganjani kidogo, iweke penye upepo nusu saa ndio ujaribu, ikikataa isubiri hata mpaka kesho. Mchele hapana, chenga zake zinaingia humo humo tunduni, na kuikausha kwenye jiko la moto hapana kabisa.