Maandamano si alama ya reli

Kila hoja ikipamba moto mtandaoni, iwe ya ardhi ya Loliondo au ya mgao wa umeme, utasikia watu Arusha na Moshi wakisema "jana tumeandamana sana huko X", yaani mtandao uliokuwa Twitter. Hapana. Walichofanya ni kampeni ya mtandaoni: kusambaza hoja kwa maandishi, picha na alama ya reli moja (hashtag, ile #) ili wengi waione. Maandamano ni watu kutembea pamoja hadharani, kwa njia na saa iliyopangwa, wakidai jambo. Maana yenyewe ni fupi. Asili ya neno ndiyo inayosahaulika.

Kuandama ni kufuata kwa karibu. Mwezi huandama, ule mpya ukifuata uliokwisha. Mtu mwenye mfululizo wa mikosi tunasema ameandamwa. Ongeza "na" mwishoni upate kuandamana: huyu nyuma ya yule, njia moja. Neno lina miguu ndani yake. Harakati ni jingine kabisa. Limetoka Kiarabu, kwenye neno lile lile lililotupa haraka, na huko maana yake ni mwendo, mjongeo. Kwetu harakati zimekuwa juhudi za kuleta mabadiliko, na hizo hufanyika mahakamani, gazetini, mtandaoni na barabarani. Ndiyo maana mwanaharakati wa mtandaoni yupo, na mwandamanaji wa mtandaoni hayupo.

Hata sheria ya Tanzania inatenganisha. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi kinamtaka mwandaaji apeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, saa na madhumuni. Ni taarifa, wala si ombi la kibali, ingawa polisi wanaweza kutoa amri ya kuzuia. Chapisho la mtandaoni halipelekwi kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Lina sheria zake, ikiwemo ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Hesabu nazo hazilingani. Machapisho 1,000 yanaweza kutoka kwenye simu 40, na nyingine ziko Dubai. Barabarani, watu waliosimama kwa nafasi huchukua takribani mita moja ya mraba kila mmoja, kwa hiyo barabara ya upana wa mita 7 ikijaa kwa urefu wa mita 100 ni kama watu 700, na kila mmoja amehesabiwa mara moja.

Kampeni na maandamano husaidiana, ila chochote kati yake kinaweza kutangulia. Kenya, Juni 2024, hoja ya Muswada wa Fedha ilikolea kwanza kwenye simu, kisha vijana wakaingia mitaani. Ngorongoro, Agosti 2024, Wamasai walifunga barabara kwanza, video zikafuata. Misri ilizima intaneti tarehe 28 Januari 2011 na watu wakazidi kutoka.

Kinachokwamisha wito wa maandamano mara nyingi ni kidogo sana: "kesho saa 2" bila tarehe, bila kusema asubuhi au usiku, bila mahali pa kukutania. Wito huo ukisambazwa upya baada ya wiki, hiyo "kesho" imeshapita.

Kwa hiyo, ndugu zangu, alama ya reli ikivuma tuseme kampeni imevuma. Neno maandamano tuliwekee siku yenye tarehe, saa na njia.