Je, wajua kwa nini damu hupunguza mwendo inapoingia kwenye mishipa myembamba kuliko yote?

Kijana anayeosha bodaboda mitaa ya Chumbageni, Tanga, akitaka maji yaruke kwa nguvu huziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole gumba, na maji yale yale yaliyokuwa yakichuruzika huruka kwa kasi hadi tope la kwenye rimu likabanduka. Kwa hesabu hiyo, mtu angetarajia damu nayo ikimbie zaidi inapofika kwenye kapilari, yaani mishipa hiyo myembamba kuliko yote. Kinachotokea ni kinyume. Katika aota, mshipa mkuu utokao moyoni wenye upana wa sentimita 2.5 hivi, damu ya mtu aliyetulia huenda kwa wastani wa sentimita 20 kwa sekunde. Katika kapilari, kwa kawaida haifikishi hata milimita 1.

Sababu ni wingi wa njia. Mpira una mdomo mmoja tu, ilhali aota hugawanyika kuwa ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, ateri zikawa ateri ndogo, na hizo zikatawanyika kuwa mabilioni ya kapilari. Kila kapilari ni finyu mno, lakini nafasi za zote zikijumlishwa, njia ya damu huwa pana kuliko aota kwa mamia ya mara. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 kwa dakika, na ni lita hizo hizo zinazopita katika kila ngazi ya mishipa. Zikipata uwanja mpana kiasi hicho, hazina budi kwenda taratibu. Zinapokusanyika tena ndani ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, mwendo huongezeka.

Utaratibu huo ndio unaotuweka hai. Ukuta wa kapilari ni tabaka moja tu la seli, na tundu lake lina upana wa mikromita 5 hadi 10 (mikromita 1,000 ni milimita 1), wakati chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 au 8, kwa hiyo mara nyingi chembe hupita moja moja, tena kwa kujikunja. Katika sekunde moja au mbili inazokaa humo, huachia oksijeni kwa seli za jirani, huku kabonidayoksaidi ikiingia kwenye damu. William Harvey wa Uingereza alipotangaza mwaka 1628 kwamba damu huzunguka, hakuweza kuonyesha inavyovuka kutoka ateri kwenda vena. Aliyeziona kapilari ni Marcello Malpighi wa Italia, mwaka 1661, katika mapafu ya chura chini ya hadubini, na Harvey alikuwa amekwisha kufariki.

Kazi ya kapilari huonekana hata bila hadubini. Bonyeza ukucha hadi ugeuke mweupe, kisha uachie: damu iliyokamuliwa hurudi, na kwa mtu mwenye afya wekundu hurejea ndani ya sekunde 2 hivi. Wahudumu wa afya hufanya hivyo kwa mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha, kwani wekundu ukichelewa kupita sekunde 3 na mikono ikawa ya baridi, mwili umeanza kuinyima ngozi damu ili kuulinda moyo na ubongo. Wakati wa joto la kaskazi mambo hugeuka: ateri ndogo za ngozi hutanuka, na damu nyingi huletwa juu ili joto litoke.

Ukuta mwembamba namna hiyo huvuja, na umeumbwa uvuje. Maji husukumwa nje na shinikizo la damu, protini za damu zikayavuta yasitoke mengi mno, na yanayotoka hurudishwa kwenye damu hasa na mishipa ya limfu, mifereji inayokusanya majimaji hayo. Abiria aliyeketi kutwa nzima ndani ya basi akashuka stendi ya Kange, Tanga, viatu vikimbana ameonja hesabu hiyo ikikosa kulingana: misuli ya vigimbi vya miguu haikufanya kazi ya kuisukuma damu ya vena kwenda juu, shinikizo likapanda, na maji yakavuja kuliko yalivyorudi. Kuchezesha vifundo vya miguu njiani husaidia, na kwa kawaida uvimbe huo huisha baada ya kutembea au kulala. Ukiwa wa mguu mmoja tu, tena wenye maumivu, si wa kungoja. Huenda damu imeganda ndani ya vena, na mahali pake ni hospitali siku hiyo hiyo.