Kipimo cha yai: kinachosema na kisichosema

Kipimo cha yai, ambacho famasi nyingi wanakiita kipimo cha ovulesheni au LH, ni kijikaratasi chembamba kinachochovywa kwenye mkojo ili mwanamke anayetafuta mtoto ajue kuwa yai lake limekaribia kutoka. Hakisafishi kizazi, hakizibui mirija, wala hakiongezi uwezo wa kushika mimba. Kazi yake ni kutaja wakati tu. Naanza na hilo kwa sababu kwenye simu zetu kinatangazwa pamoja na chai na vidonge vinavyoahidi mapacha.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ya pituitari inayotoa homoni ya LH. Sehemu kubwa ya mzunguko homoni hiyo huwa kidogo, kisha inapanda ghafla, na saa 24 hadi 36 baadaye yai hutoka kwenye ovari. Homoni hiyo hupita pia kwenye mkojo, na huko ndiko kipimo kinakoinasa.

Tatizo linaanza kwenye kusoma majibu. Mteja anarudi dukani pale Majengo, hapa Dodoma, anamwonyesha muuzaji picha kwenye simu: "Dada, mistari miwili, si ndiyo nimeshika?" Muuzaji anavuta picha aione vizuri. "Hapana dada yangu, hicho siyo UPT, kile cha mimba." Kwenye kipimo cha mimba, mstari wa pili hata ukififia una maana. Kwenye kipimo cha yai, mstari uliofifia maana yake bado, kwa kuwa LH kidogo ipo mwilini karibu siku zote. Mstari wa kipimo, wenye herufi T, lazima ukolee sawa na ule wa C, yaani wa kulinganishia, au kuuzidi. Na usome ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukikiacha kwenye sinki mpaka urudi kazini, unachokiona hapo si jibu tena.

Mkojo wa mchana au wa jioni mara nyingi unafaa kuliko wa alfajiri, maana kwa wanawake wengi LH huanza kupanda asubuhi na kuchukua muda kufika kwenye mkojo. Kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba mtu hunywa maji chupa kwa chupa, mkojo unakuwa mwepesi na mstari nao unafifia. Punguza maji kama saa mbili kabla ya kupima. Pakiti nyingi zinataka kipimo kisihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, kwa hiyo usikisahau kwenye gari lililoegeshwa juani.

Uanze kupima lini? Chukua mzunguko wako mfupi kuliko yote ya miezi ya karibuni, toa 17. Mwenye siku 28 anaanza siku ya 11, mwenye siku 35 anaanza siku ya 18, akihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi. Hesabu hii inatokana na ukweli kwamba yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, si wiki mbili baada ya iliyopita. Daktari wa Kijapani Kyusaku Ogino aliliandika jambo hilo miaka ya 1920, na mwenyewe alitaka liwasaidie wanaotafuta watoto, ingawa dunia ililitumia zaidi kuzuia mimba. Programu za simu zinafanya hesabu ya aina hiyo hiyo, na zinakosea kwa mtu ambaye mizunguko yake hailingani.

Yai likishatoka linaishi saa 12 hadi 24. Mbegu za mwanamume, zikikuta ute mzuri, zinaweza kuishi hadi siku tano. Kwa hiyo zile zinazoitwa siku za hatari ni sita: tano kabla ya yai na siku yenyewe. Kipimo kinapokolea, nyingi zimeshapita.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Tangu serikali ihamie Dodoma kuna ndoa nyingi ambazo mmoja yuko Mtumba, kwenye mji wa serikali, na mwenzake amebaki Dar, na wanaonana wikiendi, siku hizi kwa treni ya SGR. Yai likitoka Jumatatu au Jumanne, wikiendi iliyotangulia inatosha kabisa. Alhamisi ndiyo mbaya: mbegu za Jumapili zimeshachoka, na atakayeshuka stesheni Ijumaa usiku huenda akakuta yai limekwisha. Mwezi wa hivyo, kusubiri mstari ukolee ndipo upige simu ni kuchelewa. Bora mmoja aombe ruhusa ya Jumanne au Jumatano mapema.

Chombo kingine hakiuzwi popote. Siku chache kabla ya yai, ute wa ukeni huwa mwingi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Mimi ningeuamini huo kwanza, kipimo kiwe cha kuthibitisha. Kipimajoto cha asubuhi, kabla hujainuka kitandani, huonyesha joto limepanda kidogo baada ya yai kutoka. Kinafaa kuijua tabia ya mwili kwa miezi kadhaa, hakikuambii leo ufanye nini. Vilainishi vingi vya dukani, na hata mate, maabara imeonyesha vinapunguza mwendo wa mbegu. Vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, vina maana kweli: mtoto anakingwa dhidi ya mgongo wazi, hitilafu inayotokea wiki nne za mwanzo, mara nyingi mama hajajua kama ana mimba. Unga wa kusagisha mashineni hauna nyongeza hiyo.

Kuna ambao kipimo kinawadanganya. Mwenye PCOS, yaani vifuko vingi kwenye ovari na homoni zisizotulia, LH yake inaweza kuwa juu muda mrefu, hivyo mstari unakolea siku nyingi bila yai kutoka. Na hata kwa mwingine, LH kupanda ni dalili kwamba mwili umejiandaa, haithibitishi kuwa yai limetoka.

Wala kipimo hakisemi lolote kuhusu mwanamume, ambaye anachangia karibu nusu ya matatizo ya kukosa mtoto. Mkishajaribu miezi 12 bila kinga, au sita kama mwanamke ana miaka 35 na zaidi, nendeni hospitali wote wawili. Kipimo cha mbegu ni rahisi: baba anakaa siku mbili hadi saba bila kumwaga, kisha sampuli inafika maabara ndani ya saa moja, ikiwa imehifadhiwa karibu na mwili isipoe. Anayetoka Kongwa au Bahi aulize kwanza kama maabara ina chumba cha kutolea sampuli palepale, kwa sababu saa hiyo moja itamwishia njiani.