Kivinjari Kinachojifunga Chenyewe: Kabla ya Kukifuta, Tazama Kinachoanguka

Kompyuta za nyumbani zinazofika mezani kwangu kwa sababu kivinjari kinajifunga ovyo huwa na historia inayofanana. Mwenyewe ameshakifuta, amekisakinisha upya, kikatulia kidogo, kisha kikarudia mchezo wake. Hakuna ajabu hapo. Ukiiondoa Chrome au Firefox kwa njia ya kawaida, kinachotoka ni programu tu. Folda ya wasifu wako, yenye alamisho, manenosiri, viendelezi (programu ndogo unazoongeza kwenye kivinjari) na mipangilio yote, inabaki kwenye diski. Programu mpya ikishaingia inaifungua folda ileile na kuurithi ugonjwa uleule.

Ndiyo maana swali langu la kwanza ni moja: kinaanguka nini hasa? Ni kichupo (tab) kimoja, ni kivinjari kizima, au ni kompyuta yote?

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa sababu ya jinsi vivinjari vya leo vilivyojengwa. Tangu Chrome ilipotoka mwaka 2008, kazi imegawanywa katika michakato mingi inayojitegemea, na vivinjari vingine vikubwa vimefuata njia hiyo. Kurasa zina michakato yake, kadi ya michoro ina wake, na mmoja mkuu unasimamia yote. Kichupo kikifa huku vingine vinaendelea, ukuta kati ya michakato umefanya kazi yake, na wa kushukiwa ni ukurasa huo, kiendelezi kinachouingilia, au kumbukumbu iliyokwisha. Dirisha zima likitoweka bila kuaga, mchakato mkuu ndio uliokufa, na hapo naangalia wasifu, antivairasi, draiva ya kadi ya michoro (programu inayoiendesha kadi hiyo) na kumbukumbu. Kompyuta yenyewe ikijiwasha upya au ikitoa skrini ya bluu, mwache kivinjari. Hilo ni la draiva au la maunzi, yaani vifaa vyenyewe vya kompyuta.

Kwenye Chrome, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja uone kila kichupo na kila kiendelezi kinakula kumbukumbu kiasi gani. Kwenye Firefox andika about:processes pale juu penye anwani. Mara nyingi mlafi anajionyesha hapohapo.

Sasa suala la kumbukumbu, ambalo naona ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Watu hutazama RAM, wanaona bado kuna nafasi, wanahitimisha kwamba tatizo si kumbukumbu. Windows haihesabu hivyo. Programu ikiomba kumbukumbu, Windows huiwekea ahadi hata kabla haijaitumia, na jumla ya ahadi zote haiwezi kuzidi RAM pamoja na faili ya ukurasa (page file), ile iliyoko kwenye diski ambayo Windows huitumia kama nyongeza ya RAM. Fungua Task Manager, nenda sehemu ya Performance, kisha Memory, utafute palipoandikwa Committed. Utaona namba mbili, kwa mfano 7.6/7.9 GB. Ya kwanza ni ahadi zilizokwisha kutolewa, ya pili ni kikomo. Zikikaribiana hivyo, ombi linalofuata linaweza kukataliwa, na programu iliyokataliwa mara nyingi hufa papo hapo, hata kama RAM yenyewe bado ina nafasi. Kivinjari chenye vichupo vingi kinaomba kila wakati, kwa hiyo ndicho hutangulia.

Na kwa nini kikomo kinakuwa kidogo hivyo? Kwa kawaida kwa sababu mbili. Ama kuna mtu alizima faili ya ukurasa akiamini anaongeza kasi, ushauri wa zamani ambao ningependa uzikwe kabisa, ama diski ya C imejaa na faili hiyo haina pa kukulia. Irudishe ijisimamie kiotomatiki, acha gigabaiti kadhaa wazi kwenye diski, kisha uwashe upya. Mwaka 2022 wahandisi wa Firefox walipunguza sana mianguko ya aina hii kwenye Windows kwa hatua inayoshangaza kwa wepesi wake: ombi likikataliwa, kivinjari kinangoja kidogo kisha kinaomba tena, kwa kuwa wakati huo Windows inaweza kuwa inapanua faili ya ukurasa.

Kumbukumbu ikiwa salama, jaribu viendelezi. Kwenye Chrome fungua dirisha fiche, ambamo viendelezi havifanyi kazi mpaka uwe umeviruhusu mwenyewe. Kwenye Firefox shikilia Shift unapoifungua, ikuulize kama unataka hali ya utatuzi, ambayo nayo huzima viendelezi. Kikitulia, usizime kiendelezi kimoja kimoja. Zima nusu yake, utumie kivinjari kama kawaida, kisha ugawe tena ile nusu yenye kosa. Viendelezi 16 vinakwisha kwa hatua nne. Kama hata bila viendelezi kinaanguka, tengeneza wasifu mpya kando ya ule wa zamani. Ukitulia mpya, hamisha alamisho na manenosiri, lakini usiutupe wa zamani hadi uwe na hakika hakuna kilichosahaulika humo.

Kadi ya michoro ina dalili zake. Dirisha linapepesa, linakuwa jeusi au jeupe, halafu linatoweka, hasa wakati wa video au mkutano wa kamera. Kwenye Chrome nenda kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, uzime matumizi ya kuongeza kasi kwa maunzi, kisha ufungue kivinjari upya. Kikipona, umejua mkosaji ni draiva. Ila usiishie hapo: video sasa zitabebwa na prosesa peke yake, na laptopu itapata moto na kumaliza betri mapema. Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi, uisakinishe, kisha uwashe tena ulichozima.

Ukiwa bado gizani, tafuta ushahidi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel. Itafunguka kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo kitu kilianguka. Bofya siku moja, ufungue maelezo. Msimbo 0xc0000005 una maana programu iligusa kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa, na peke yake hausaidii sana. Soma mstari wa Fault Module Name, unaotaja moduli, yaani faili la programu ambamo kosa lilitokea. Ukiona chrome.dll au ntdll.dll, ambayo ni mafaili ya Chrome na ya Windows yenyewe, bado hujajua kitu. Ukiona faili linaloanza na nv, kama nvwgf2umx.dll, hiyo ni draiva ya Nvidia. Ukiona faili la antivairasi, isasishe kwanza. Ikishindikana iondoe, kwa kuwa Windows 10 na 11 zina kinga yake inayojiwasha nyingine ikitoka.

Linalonifanya ninyanyuke kitini ni orodha ambayo kila mwanguko una moduli tofauti. Leo ntdll, kesho draiva, keshokutwa programu nyingine kabisa, na mafaili ya zip yanakataa kufunguka yakidai yameharibika. Hapo nashuku RAM. Kama kwenye BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) uliongezea RAM kasi, kwa XMP au kwa mkono, irudishe kawaida kwanza. Kisha ipime: andika mdsched kwenye Windows, au tumia MemTest86 kutoka flashi, uiache izunguke usiku kucha. RAM nzima haitakiwi kutoa hata kosa moja. Likitokea, toa kipande kimoja cha RAM, pima tena, ubadilishane nafasi. Prosesa nayo isisahaulike: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipoteza uthabiti, ikatoa marekebisho yanayoingia kupitia sasisho la BIOS. Mwenye prosesa hizo aanze na sasisho hilo.

Mfumo wa zamani sitausemea mengi. Toleo la 109 ndilo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 na 8.1, tangu mwanzoni mwa 2023, na hakuna mpangilio utakaoliokoa na tovuti za leo. Pia, kama kompyuta ni yako binafsi na Chrome inakuambia inasimamiwa na shirika lako, fungua chrome://policy. Sera, yaani mipangilio iliyolazimishwa kwenye Chrome, usizozijua mara nyingi zimewekwa na programu hasidi, ingawa baadhi ya antivairasi nazo huweka za kwao.

Na kivinjari kikiomba kutuma ripoti ya mwanguko, kubali. Kwenye Firefox, fungua about:crashes na ubofye ripoti uliyotuma. Ukurasa unaofunguka unaonyesha saini ya mwanguko wako, yaani alama inayoutambulisha, na hitilafu zinazohusiana nayo kwenye Bugzilla, daftari la hitilafu la wahandisi wa Firefox. Pengine utakuta wahandisi wameshaitengeneza, na kilichobaki ni kusasisha.